Nyota za Nchi Kavu Mabegani mwa Wanamaji

Ukonga kuna kituo cha daladala kinachoitwa Mombasa. Hakina gati, hakina mnara wa kuongozea meli, wala hakina harufu ya chumvi. Kuna maduka, bodaboda na abiria wa Gongo la Mboto na Pugu. Anayetaka bahari kutoka hapo afuate Barabara ya Nyerere mpaka mjini, ashuke Magogoni, avuke kwa pantoni. Ng'ambo, Kigamboni, ndiko liliko Jeshi la Wanamaji.

Hata hivyo wakazi wa Ukonga ni wasomaji hodari wa mabega. Wamepakana na kambi ya Jeshi la Anga ambayo kila mtu anaiita Airwing. Wana Gereza Kuu na chuo cha magereza, na mbele kidogo wana wanajeshi wa Gongo la Mboto. Mtoto aliyekulia Banana au Mazizini anajua, kabla hajamaliza darasa la saba, kwamba V mbili ni koplo na V tatu ni sajenti. Kwamba nyota moja ni luteni usu, mbili ni luteni, tatu ni kapteni. Anajua nani wa kuitwa afande kwa sauti ya kawaida na nani wa kupishwa njia kwanza.

Mtoto huyo huyo, akipelekwa Kivukoni siku manowari ya kigeni imetia nanga, hupotea. Ofisa anashuka kwenye ngazi ya meli amevaa sare ya bahari. Mkononi, karibu na kifundo, ana mistari minne ya dhahabu, na ule wa juu umejikunja kama kitanzi. Anatambulishwa kuwa ni Kapteni. Mtoto wa Ukonga anamweka mahali pa nyota tatu, chini ya meja, na hapo anakuwa amemshusha ngazi tatu nzima. Kapteni wa jeshi la maji la Uingereza, la India au la Marekani analingana na Kanali wa nchi kavu. Luteni wao naye analingana na Kapteni wetu. Juu ya huyo wa mistari minne wapo wengine wenye majina ambayo Ukonga haiyasikii mara kwa mara: Komodoa, Rea Admirali, Makamu Admirali, Admirali. Mhadhara huu unahusu hao wa juu, alama wanazovaa, na sababu ya Afrika Mashariki kuwaita wakubwa wake wa baharini kwa majina ya majenerali kwa muda mrefu hivyo.

Jina admirali limezaliwa kwa Kiarabu, na anayesema Kiswahili hahitaji kufunuliwa kamusi kuliona. Amri, kuamuru, amiri, na juu ya wote Amiri Jeshi Mkuu, ambaye kwa Katiba ya Tanzania ni Rais: yote ni mti mmoja. Katika karne ya 12 kisiwa cha Sicily kilikuwa chini ya wafalme Wanormani, lakini ofisi zake zilikuwa bado zimejaa Waarabu na Wagiriki. Mfalme Roger II alikuwa na waziri mkubwa aliyeitwa George wa Antiokia, Mkristo wa mashariki ambaye kabla ya hapo aliwatumikia watawala Waislamu wa Mahdia, Tunisia. Roger alimpa cheo cha amiri wa maamiri, na merikebu za vita za ufalme zilikuwa chini yake. George alifariki mwaka 1151. Kanisa alilolijenga mjini Palermo bado linaitwa la Mtakatifu Maria wa Admirali. Kutoka Sicily neno lilienda Genoa, Ufaransa, Ureno na Uingereza. Njiani liliokota herufi d ambayo asili yake haina, kwa kuwa waandishi wa Kilatini walidhani ni ndugu wa neno lao la kustaajabia.

Miaka 350 baada ya George, neno hilo lilifika pwani yetu kwa meli. Mwaka 1500 Mfalme Manuel wa Ureno alimpa Vasco da Gama cheo cha Admirali wa Bahari za India. Julai 1502 admirali huyo aliingiza merikebu zake Kilwa Kisiwani, akaelekeza mizinga mjini, akamlazimisha mtawala akubali kuwa chini ya Ureno na kulipa kodi ya dhahabu. Mtawala wa Kilwa wakati huo hakuwa sultani wa ukoo wa kifalme. Alikuwa Amiri Ibrahim, mtu aliyeshika madaraka mwenyewe. Walioonana majini pale Kilwa walikuwa, kwa jina la cheo, mtu na mwenzake: amiri wa Kilwa na amiri wa Lisbon, na hakuna dalili kwamba mmojawao alilitambua hilo. Dhahabu ya Kilwa, mithkali 1,500, ilipelekwa Ureno. Mwaka 1506 sonara Gil Vicente alimaliza kuifua kuwa chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, nacho bado kipo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, kinang'aa. Mwalimu wa historia akikieleza chombo hicho darasani asiishie kwenye dhahabu. Awaeleze wanafunzi na neno pia, maana yote mawili yalipita mikononi mwa watu wale wale.

Alama za vyeo vya juu vya bahari hazikuanza kama nguo. Zilianza kama bendera, neno ambalo Kiswahili kililipata kwa Wareno hao hao. Vita vya merikebu za tanga vilipiganwa kwa misururu mirefu, na katikati ya moshi wa baruti hakuna aliyeweza kuona bega la mtu. Kilichoonekana ni kitambaa kwenye mlingoti. Waingereza waligawa msafara wao wa vita sehemu tatu. Sehemu ya kati alikaa Admirali mwenyewe, bendera yake ikipepea kwenye mlingoti mkuu. Sehemu ya mbele aliongoza makamu wake, bendera kwenye mlingoti wa mbele. Sehemu ya nyuma, ambako hatari ilitarajiwa kuwa ndogo zaidi, aliongoza wa tatu, bendera kwenye mlingoti wa nyuma. Huyo ndiye Rea Admirali: admirali wa nyuma. Cheo kinachotajwa leo kwenye mikutano ya ulinzi katika hoteli zenye viyoyozi ni maelezo ya mahali mtu alipokaa kwenye foleni ya merikebu.

Mpaka mwaka 1864 ngazi hizo ziligawanywa tena kwa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, hata Nelson alipouawa mwaka 1805 alikuwa Makamu Admirali wa Weupe. Rangi zikafutwa, bendera zikabaki. Katika jeshi la maji la Uingereza bendera ya admirali ni nyeupe yenye msalaba mwekundu. Makamu anaongezewa duara jekundu moja kwenye pembe, Rea Admirali mawili. Maduara yakizidi, cheo kinapungua. Ndiyo maana mpaka leo makamanda hao huitwa maofisa wa bendera, hata yule ambaye ofisi yake ni ghorofa ya saba na bendera yake iko kwenye boneti ya gari.

Mistari ya dhahabu mikononi ilikuja baadaye sana, katikati ya karne ya 19, na mwaka 1856 Waingereza walikunja mstari wa juu wa maofisa wapiganaji ukawa kitanzi. Namna ya kuisoma ni rahisi kuliko V za Gongo la Mboto. Mistari myembamba miwili ni Luteni, mitatu ni Kamanda, minne ni Kapteni. Baada ya hapo mchezo unabadilika: mistari minne inatoka na unaingia mmoja mpana, wa karibu sentimita 4 na nusu. Huo mpana peke yake, pamoja na kitanzi chake, ni Komodoa. Mpana na mwembamba mmoja juu yake ni Rea Admirali. Mpana na miwili ni Makamu Admirali. Mpana na mitatu ni Admirali kamili. Kwenye joto, ambako hakuna anayestahimili koti la mikono mirefu mchana kutwa, alama huhamia begani kwenye ubao mgumu wa dhahabu wenye nyota na upanga uliopishana na kirungu. Mataifa mengi ya Jumuiya ya Madola yalirithi mfumo huu, yakaondoa taji la Uingereza na kuweka alama zao: simba, tai, au ngao ya taifa.

Si kila taifa lililipokea jina la admirali kwa mikono miwili. Tarehe 30 Aprili 1840 meli Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja, ilifika New York kutoka kisiwani humo ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa, pamoja na farasi wa zawadi kwa Rais Van Buren. Aliyeiongoza safari hiyo alikuwa Ahmad bin Naaman, mtu wa kilemba na shali, ambaye picha yake ya rangi ilichorwa huko na bado ipo. Wamarekani waliifanyia Sultana matengenezo kwenye karakana ya jeshi lao la maji. Katika jeshi lile lote hapakuwa na admirali hata mmoja wa kumpokea. Bunge la Marekani lilikuwa limekataa cheo hicho tangu mwanzo kwa hoja kwamba kinanuka ufalme. Wakubwa wao waliishia Kapteni, na aliyeongoza meli kadhaa aliitwa Komodoa kwa heshima tu. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vitokee ndipo David Farragut apewe cheo cha Rea Admirali, Julai 1862. Wanaodhani kuwa taifa bila admirali ni taifa lisilo na jeshi la maji la maana waikumbuke miaka hiyo zaidi ya 60 ya Wamarekani.

Unguja yenyewe ilimjua Rea Admirali kwa njia chungu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Harry Rawson wa Uingereza, akiwa ndani ya manowari St George, aliamuru meli zake zipige kasri la Sayyid Khalid bin Barghash. Mizinga ilinguruma kwa takribani dakika 38. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri, na meli ya sultani, Glasgow, ilizama bandarini, milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji. Khalid alikimbilia kwa konsuli wa Ujerumani, na kutoka hapo akaletwa Dar es Salaam.

Siku hiyo hiyo, nchi kavu, upande wa Waingereza walisimama askari wa Unguja wa jeshi lililoundwa na mtu ambaye historia yake inagusa kiini cha mhadhara huu. Lloyd Mathews alikuja Unguja akiwa Luteni wa jeshi la maji, kwenye meli London iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimtaka aunde jeshi la miguu la kisasa. Mathews aliunda jeshi hilo, akaacha kazi ya manowari, na sultani akamfanya Brigedia Jenerali. Luteni wa maji, ambaye kwa hesabu ya nchi kavu ni sawa na kapteni wa nyota tatu, aliruka mpaka ujenerali kwa kuvuka tu kutoka melini kwenda ufukweni na kubadilisha mwajiri. Baadaye, mwaka 1891, akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Unguja, akafia huko mwaka 1901. Watawala wa pwani hii walishazoea, miaka mingi kabla ya uhuru, kumvisha mtu wa bahari cheo cha nchi kavu.

Tatizo la kulinganisha vyeo vya maji na vya nchi kavu lilijitokeza tena Dar es Salaam mwaka 1914. Manowari ya Wajerumani Königsberg ilifika Juni mwaka huo, nahodha wake akiwa Max Looff, mwenye cheo cha Fregattenkapitän. Kamanda wa jeshi la koloni alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, Oberstleutnant, yaani Luteni Kanali. Majina hayafanani kabisa, lakini kwenye jedwali la Wajerumani vyeo hivyo viwili vilikuwa mstari mmoja. Mpaka hapo hapakuwa na taabu: mmoja alikuwa na bahari, mwingine alikuwa na bara. Septemba 20 Looff aliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus mbele ya Unguja, kisha akajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza walimzingira kwa miezi mingi wakaleta meli maalumu zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na Julai 11, 1915 Looff aliiharibu meli yake mwenyewe pale mikokoni. Mizinga ya Königsberg iling'olewa, ikaburutwa na watu, ikapigana vita vya nchi kavu. Mmoja wake unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa ile yenye bahari. Mabaharia nao wakawa askari wa miguu. Nani sasa atampigia nani saluti? Swali hilo linaweza kuonekana dogo kwa raia. Ndani ya jeshi halina udogo, maana anayepigiwa saluti ndiye anayetoa amri, na anayetoa amri ndiye anayeamua nani atavuka mto chini ya risasi.

Uhuru ulipofika Tanganyika, jeshi lililorithiwa lilikuwa la nchi kavu tu. Lile la maji la Afrika Mashariki, lililoanzishwa na Waingereza mwaka 1950 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja na baadaye kupewa jina la kifalme, lilivunjwa mwaka 1962. Januari 20, 1964 askari wa Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Siku tano baadaye wanamaji wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli Centaur na kuwanyang'anya silaha, kwa ombi la serikali ya Nyerere ambayo haikulifurahia ombi lake yenyewe. Lililozaliwa Septemba 1 mwaka huo halikuwa jeshi la zamani lililobadilishwa jina. Lilikuwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania, moja, lenye mkuu mmoja, na vyeo vyake viliitwa kwa Kiswahili: luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, jenerali.

Wanamaji walipoanza Kigamboni mwaka 1971 walikuta ngazi hiyo imeshasimamishwa, wakaipanda. Msaada wa meli na mafunzo ulitoka China, na hapo historia iliweka jambo ambalo halisemwi vya kutosha. China ilifuta vyeo vyote vya kijeshi mwaka 1965 na haikuvirudisha mpaka 1988. Jeshi la maji lililotusaidia kuanza, wakati linatusaidia, halikuwa na admirali, halikuwa na kapteni, halikuwa na mstari wa dhahabu hata mmoja. Kulikuwa na wajibu wa mtu tu, kamanda wa hiki na kamanda wa kile. Hata vyeo viliporudi, Wachina waliweka majina yale yale kwa nchi kavu, anga na bahari. Ni tafsiri ya Kiingereza ndiyo inayomwita mmoja jenerali na mwingine admirali. Meli ya hospitali ya China, Peace Ark, imetia nanga Dar es Salaam zaidi ya mara moja na kutibu wagonjwa. Mkuu wa msafara kama huo kwa lugha yake anataja jina la cheo lile lile analolitaja mwenzake wa jeshi la miguu, akiongeza kwamba yeye ni wa bahari.

Kwa hiyo haifai kusema kwamba Tanzania ilimwita mkuu wa wanamaji Meja Jenerali kwa kutojua. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki, na mantiki yake ilitoka kwenye kovu la Januari 1964: kusiwe na jeshi ndani ya jeshi, kila mmoja na desturi zake, majina yake na kiburi chake. Faida ya pili ni ile ya mtoto wa Ukonga. Ngazi ikiwa moja, kapteni ni kapteni, awe Airwing, Gongo la Mboto au Kigamboni, na nyota tatu hazibadiliki maana zikivuka pantoni. Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania walipoungana na wa Sudan na wa Comoro kukirudisha kisiwa cha Anjouan kwa njia ya bahari, hapakuwa na haja ya jedwali la kulinganisha vyeo kati ya Mtanzania na Mtanzania.

Kenya ilifanya vivyo hivyo, na kwa mafanikio ambayo yanastahili kusifiwa waziwazi. Jeshi lake la maji lilizinduliwa Desemba 1964, makao yakiwa Mtongwe, Mombasa. Wakuu wake waliitwa Meja Jenerali, na kwa kuwa walikuwa kwenye ngazi ileile na wengine, mlango wa juu kabisa haukufungwa mbele yao. Joseph Kibwana, mwanamaji, aliongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia mwaka 2000 hadi 2005 akiwa Jenerali kamili. Samson Mwathethe, mwanamaji mwingine, alishika nafasi hiyo ya juu kuanzia 2015 hadi 2020. Jenerali aliyekulia kwenye sitaha ya meli anaweza kusikika kama kosa la uchapaji kwa Mwingereza. Kwa Mkenya ni jambo la kawaida.

Wapo waliojaribu kuunganisha wakaumia. Canada, ambayo iliwahi kuwafundisha wanajeshi wa Tanzania kati ya 1965 na 1970, iliyaunganisha majeshi yake mwaka 1968 na kuwavisha wote sare moja ya kijani. Wanamaji wake walipoteza kitanzi cha dhahabu mkononi na hawakuacha kukililia. Kilirudishwa mwaka 2010, jeshi lao la maji lilipotimiza miaka 100. Duara dogo la uzi, zaidi ya miaka 40 ya huzuni. Anayedharau alama za vyeo hajawahi kuzungumza na mtu aliyevuliwa.

Sasa upepo umegeuka na huku. Miaka ya karibuni magazeti ya Kiswahili yanamwandika mkuu wa wanamaji wa Tanzania kwa cheo cha Rea Admirali, mara nyingi kwa tahajia ya Kiingereza, katikati ya sentensi ya Kiswahili safi. Sababu ya kutaka jina hilo inaeleweka. Bahari ni mahali pa kukutana. Ofisa wa Kigamboni anayekaa meza moja na Mhindi, Mfaransa na Msauzi kuzungumzia maharamia, wavuvi haramu na dawa za kulevya anahitaji cheo kinachotambulika bila maelezo, na meli kama Mwitongo na Msoga, zilizozinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2015, hukutana baharini na za mataifa mengine. Kinachouma ni lugha. Luteni usu ni Kiswahili kilichofikiriwa: mtu fulani alikaa akatafuta "usu", akalipata, likakaa. Admirali wa nyuma hajapata mtu wa kukaa.

Waarabu wenyewe, waliotoa neno amiri kwa dunia, wana njia nyingine. Nenda Muscat, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani na sokoni, uangalie taarifa za serikali ya Oman. Mkuu wa jeshi la maji la Oman haitwi amiri wa bahari. Anaitwa liwaa, cheo kile kile cha meja jenerali wa nchi kavu, na pembeni linaongezwa neno la kuonyesha kwamba yeye ni wa bahari. Amiri wa bahari wamewaachia wageni. Kwa mtindo huo Meja Jenerali wa Wanamaji ni jina halali kabisa, lisilo na unyonge wowote, na waandishi wa Dar es Salaam wangeweza kulitumia bila kumpunguzia mtu hadhi. Wakitaka la kimataifa, basi waliandike kwa Kiswahili na walieleze mara moja, wasomaji wajue kwamba ni nyota mbili, sawa na meja jenerali. Si cheo kipya kilichoshuka kutoka mbinguni.

Tena Kiswahili hakikuja baharini jana. Kabla ya mstari wa dhahabu, jahazi la pwani hii lilikuwa na ngazi yake. Nahodha alikuwa na chombo, mali na roho za watu. Chini yake sarahangi aliwasimamia mabaharia, tanga na kamba. Mshika usukani alikuwa na yake. Na kulikuwa na rubani, aliyeijua njia: miamba, mikondo, nyota na mlango wa bandari. Hakuna aliyevaa alama. Cheo kilionekana kwa mahali mtu alipoketi kwenye chombo na kwa nani aliyenyamaza alipozungumza. Nahodha bado yuko kazini, na kwenye meli ya vita neno hilo linaondoa utata wote, kwa kuwa aliyekabidhiwa meli ni nahodha, awe ana cheo cha luteni au cha kanali. Sarahangi anafifia. Rubani ndiye aliyesafiri mbali kuliko wote. Ndege zilipokuja, Waswahili walimtafutia jina mtu anayeijua njia mahali pasipo na barabara, wakamtoa yule wa jahazi wakampandisha angani. Leo Ukonga wanamwona karibu kila siku. Anatoka lango la Airwing na sare ya buluu, anasubiri gari pale Banana pamoja na wengine, na watoto wanamwita rubani bila kujua kwamba jina hilo wamelichukua melini.